Tasa
Kwa asili, tasa ni mnyama au mwanamke asiyezaa. Vitabu vya hesabu vililiazima neno: namba tasa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Jina hili linazionea, maana ndizo zinazozaa namba nzima nyingine zote zinazozidi 1 zikizidishwa.

Mwaka 1644 Mersenne, mtawa wa Ufaransa, alidai kuwa 2 kwa kipeo cha 67, kutoa 1, ni tasa. Namba yenyewe ni 147,573,952,589,676,412,927. Usijaribu kuisoma kwa pumzi moja. Mwaka 1876 mwanahisabati Lucas alithibitisha kwamba si tasa, bila kutaja kigawo hata kimoja. Mwaka 1903 mwanahisabati Frank Nelson Cole alisimama ubaoni huko New York na, inasimuliwa, kimya kimya akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, akapata namba ile ile.