Friza haigandishi? Pima kihisi joto kabla ya kulipia gesi

Na Mwandishi Wetu

FRIZA ya nyumbani inapoacha kugandisha, jibu la kwanza ambalo wengi hulipata kwa fundi ni kwamba gesi imekwisha. Mwenye mali hulipa, gesi huongezwa, na baada ya muda mfupi nyama huanza tena kutoa maji.

Ni vema ikafahamika kwamba gesi ya friza haiishi kwa kutumika kama ile ya jiko. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kwa miaka yote ya uhai wa chombo hicho, na hupungua tu pale inapovuja. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta mvujo hajatengeneza kitu, na kama gesi haikupungua, ile inayozidi huielemea kompresa.

Miongoni mwa kasoro zinazofanana sana na upungufu wa gesi ni ubovu wa kihisi joto, ambacho mafundi wengi hukiita sensa. Ni kipuri kidogo kuliko kidole, na kukipima hakuhitaji zaidi ya mita ya umeme na kikombe cha barafu.

Kihisi hufanyaje kazi?

Katika friza za kisasa zenye bodi ya umeme, kihisi ni kipande kinachobadilisha ukinzani wake kulingana na joto. Baridi ikizidi, ukinzani huongezeka. Joto likizidi, ukinzani hupungua. Bodi husoma ukinzani huo, kisha huamua kuiwasha au kuizima kompresa.

Kwa hiyo kihisi kikidanganya, bodi nayo hudanganyika. Unyevu ukipenya ndani yake, ukinzani unaweza kushuka, bodi ikadhani friza ina joto, na kompresa ikafanya kazi usiku na mchana. Hapo ndipo vyakula hukauka kwa baridi na matumizi ya umeme hupanda.

Ukinzani ukipanda kuliko inavyostahili, bodi hudhani baridi imetosha na kuizima kompresa mapema. Chakula huyeyuka ingawa kila kipuri kingine ni kizima. Waya ukikatika kabisa, baadhi ya friza huonyesha alama ya hitilafu kwenye kioo, na nyingine huendelea kuwaka na kuzima kwa vipindi maalumu bila kujali hali ya ndani.

Friza nyingi za kufunguka juu, hasa zile zenye kitufe cha kuzungusha, hazina kihisi cha namna hiyo. Zina themostati yenye mrija mwembamba wa chuma uliojazwa gesi yake. Mrija huo ukivunjika, themostati haiunganishi umeme tena na kompresa haiwaki.

Ondoa kwanza sababu nyepesi

Kabla ya kufungua chochote, weka kipimajoto katikati ya vyakula vilivyoganda, funga mlango na ukiache usiku kucha. Friza nzima inapaswa kuwa na nyuzi 18 za Sentigredi chini ya sifuri, au karibu na hapo.

Kisha kagua mpira wa mlango. Bana karatasi kati ya mpira na fremu, uivute. Ikitoka bila kushika, hewa ya joto inaingia. Angalia pia vumbi kwenye wavu wa nyuma, feni ya ndani kama inazunguka, na kama friza imebanwa ukutani. Umeme mdogo nao huizuia kompresa kuwaka ipasavyo.

Iwapo ukuta wa ndani umefunikwa na barafu nene katika friza isiyopaswa kufanya hivyo, tatizo laweza kuwa kwenye mfumo wa kuyeyusha barafu, ambao una kihisi chake. Usiikwangue barafu kwa kisu. Visu vimekata waya nyingi za vihisi na kutoboa mabomba ya gesi, na tundu moja linaweza kuigharimu friza yote.

Namna ya kupima

Chomoa plagi kwenye soketi. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Hamishia vyakula kwenye friza ya jirani au kwenye kasha la barafu. Soma pia kibandiko cha nyuma: ikiwa kimeandikwa R600a, gesi iliyomo inawaka moto, hivyo pasiwepo moto wala cheche karibu na mabomba. Usifungue kisanduku cha kompresa, kwani baadhi ya sehemu zake hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kihisi kwa kawaida hukaa nyuma ya kifuniko cha plastiki ukutani, au hubanwa kwenye bomba la koili ya kupoozea. Piga picha ya mahali pake kabla ya kukitoa, kisha kitenganishe na bodi kwenye kiungio chake ili kipimwe peke yake.

Jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo na ukoroge. Mchanganyiko huo hubaki kwenye nyuzi sifuri kwa muda wote barafu inapokuwamo, hivyo ni kipimo cha uhakika kisicho na gharama. Tumbukiza ncha ya kihisi, kiungio kikibaki kikavu, na usubiri dakika tano.

Weka mita kwenye ukinzani, kipimo cha kilo-omu 200. Kihisi cha aina ya kilo-omu 5 kwa nyuzi 25 husoma takriban 16 ndani ya barafu. Kile cha kilo-omu 10 husoma kati ya 27 na 34, kutegemea muundo wake. Namba sahihi kwa friza yako ni ile iliyo kwenye karatasi ya mtengenezaji.

Mita isiposoma kabisa, waya umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, kihisi kimegusana ndani. Ikisoma namba iliyo mbali na iliyotarajiwa, kihisi kimepoteza usahihi, na hicho ndicho chenye kuwapotosha mafundi wengi kwa sababu huonekana kizima.

Baada ya hapo kitoe, kifute na ukishike mkononi. Namba inapaswa kushuka taratibu bila kuruka. Tikisa waya pole pole. Namba ikirukaruka, waya umekatika ndani ya ngozi yake. Friza ikiwa na vihisi viwili vya aina moja, vitumbukize vyote kikombe kimoja: vikitofautiana sana, mojawapo ni kibovu.

Kwa themostati ya mrija, toa waya zake na upime kati ya ncha mbili za swichi ikiwa kwenye joto la chumba. Kitufe kikiwashwa, mita isome karibu na sifuri. Kikizimwa, isisome kitu. Isiposoma kitu katika hali zote mbili, themostati ni mbovu.

Kutengeneza

Kihisi chenyewe hakitengenezwi, hubadilishwa. Unapokwenda Kariakoo au kwenye duka lolote la vipuri, chukua kile kibovu pamoja na namba ya modeli ya friza. Kufanana kwa umbo hakutoshi: cha kilo-omu 10 kikiwekwa mahali pa kile cha 5, bodi itadhani friza ina baridi kuliko ilivyo, na chakula kitaharibika kama awali. Pima kipya kwenye kikombe kile kile kabla ya kukifunga.

Pale ambapo kasoro ni waya au kutu kwenye kiungio, unaweza kuunganisha upya. Lehemu kwa risasi nje ya friza, au tumia viunganishi vya kubana, kisha ziba kiungo kwa mpira wa kusinyaa na silikoni. Tepu ya umeme peke yake huachia kwenye baridi, unyevu ukaingia, na tatizo likarudi.

Rudisha kihisi mahali pake pa awali kwa kutumia picha uliyopiga. Kikisogezwa karibu na koili kitasoma baridi ya koili badala ya ile ya chakula. Washa friza, ipe saa 24, halafu soma tena kipimajoto.

Iwapo kihisi ni kizima na friza bado haigandishi, basi tafuta fundi wa bodi au wa gesi. Ukimweleza ulichopima na namba ulizopata, itakuwa vigumu kwake kukuuzia kazi usiyoihitaji.

Vipi kuhusu chakula?

Friza iliyojaa, mlango usipofunguliwa, huhifadhi baridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Chakula chenye chembe za barafu, au kisichozidi nyuzi 4, chaweza kugandishwa tena, ingawa ladha hupungua. Nyama, samaki na maziwa vilivyokaa juu ya kiwango hicho kwa zaidi ya saa mbili vitupwe, hata kama havinuki, kwa kuwa kugandisha upya hakuui vijidudu wala hakuondoi sumu waliyokwisha kuiacha.

Kwa anayeuza juisi, barafu au samaki nyumbani, hiyo ni hasara ya mtaji. Hivyo ni busara kipimajoto kikae ndani ya friza siku zote, kwani humwonya mwenyewe kabla maji hayajaanza kutiririka sakafuni.