Mpaka wa Kazi na Nyumbani katika Pwani ya Kigoma

Rusimbi ni kata mojawapo ya manispaa ya Kigoma Ujiji, na katika kata hiyo, kama katika nyinginezo za mji ule, huweza kuonekana jambo ambalo wazee wa ziwani hawakulijua: mtu amekaa barazani kwake, chakula kimekwisha andaliwa, watoto wamemzunguka, naye bado yumo kazini. Hakuna msimamizi mbele yake wala chombo mkononi mwake ila simu. Kazi yake ni ya mitambo ya mawasiliano au ya kuandika programu za kompyuta, na mwajiri wake yamkini yuko Dar es Salaam, yamkini yuko ng'ambo. Taabu ya mtu huyu hudhaniwa kuwa mpya kabisa. Ni mpya kwa chombo chake tu. Swali lenyewe, yaani nani akataye mpaka baina ya kazi na nyumbani, ni la kale katika pwani ile.

Zamani mkata mpaka alikuwa mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga, hapo kale wa mienge, baadaye wa taa za karabai. Usiku wa giza ulikuwa wa kazi. Usiku wa mbalamwezi, nuru ya juu inapoishinda ile ya chomboni, mvuvi alibaki nchi kavu, akashona nyavu zake, akahudhuria arusi, akalala na watu wake. Hakuna tajiri aliyeweza kuamuru kinyume. Maisha hayo hayakuwa rahisi, kwani ziwa lina dhoruba zake na njaa haingoji mwezi. Lakini mapumziko yalikuwa ya wote kwa siku zile zile, na hapo ndipo ilipo thamani yake, maana mtu apumzikaye peke yake, jirani zake wakiwa kazini, hapati arusi ya kuhudhuria.

Wapagazi wa misafara nao walikuwa na mpaka wao. Burton na Speke waliondoka pwani ya bahari mwezi wa Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Katika safari za namna hiyo mwendo ulianza alfajiri na aghalabu ulikoma jua lilipokuwa kali, na wapagazi waliolazimishwa kupita kiasi walitua mizigo wakakataa kwenda. Baadhi yao walisafiri pamoja na wake zao, hata nyumba ikawa inatembea na kazi.

Ndipo ikaja reli. Ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250. Garimoshi haliulizi mwezi. Dereva, fundi wa karakana na mpokea simu ya upepo waliamshwa kwa zamu, usiku kwa mchana, wakahamishwa kituo hata kituo mbali na jamaa zao. Hata hivyo saa iliyomfunga mfanyakazi ilikuwa pia silaha yake, kwa kuwa kihesabiwacho huweza kudaiwa. Mwaka 1919 mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi la Kimataifa uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa juma. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wa Tanganyika waligoma kwa siku 82, na ijapokuwa dai kubwa lilikuwa mshahara, walionyesha kuwa masharti ya kazi si amri ya mwajiri peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka saa 45 kwa juma, saa 9 kwa siku, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma.

Sheria hiyo ilihesabu saa. Haikuutaja ujumbe wa simu. Katika California saa tatu asubuhi ni saa moja au saa mbili ya usiku Rusimbi, kwa kufuata majira, basi mwandishi wa programu aitwaye mkutanoni na wenzake wa huko huitwa wakati wa chakula cha usiku. Ufaransa, tangu 1 Januari 2017, makampuni makubwa hupaswa kujadiliana na wafanyakazi juu ya haki ya kutopatikana baada ya kazi. Ni jaribio jema, ila humfaa mwenye chama cha kumjadilia. Afanyaye kazi peke yake barazani atajadiliana na nani?

Wavuvi wa Kigoma siku hizi wana taa za umeme wa jua. Mbalamwezi ikiwaka, bado hubaki nchi kavu.