Kamba ya Bonde la Ufa na kahawa ya Bukoba

Mwanafunzi wa fizikia katika shule ya Ihungo au Nyakato, Bukoba, hakosi kukutana na swali hili: mizigo miwili imeunganishwa kwa kamba, mmoja unashuka mteremko, mwingine unapanda, chora kani zote. Wengi huliona zoezi la vitabuni tu. Lakini kahawa ya mababu zao ilifika Mombasa kwa reli iliyojengwa kwa msaada wa kamba ya namna hiyohiyo.

Emin Pasha alipoweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, bidhaa zilikwenda pwani vichwani mwa wapagazi. Reli ya Uganda ilitoka Mombasa, ikafika Nairobi mwaka 1899, kisha ikakutana na ukingo wa Bonde la Ufa. Njia ya kudumu ya kuuteremka ingechukua muda mrefu, na wahandisi hawakutaka kazi isimame bondeni. Wakatandika reli za muda kwenye mteremko wenyewe, mahali pengine mwinuko ukikaribia asilimia 50. Behewa lililojaa vyuma lilipandishwa juu ya toroli kubwa, lililoinuliwa upande wa chini ili behewa likae sawa. Liliposhuka, lilivuta kamba ya waya iliyozungushwa kwenye ngoma huko juu, na toroli tupu likapanda upande wa pili. Uzito ndio uliofanya kazi, breki ikizuia mwendo.

Sasa chora. Toroli linaloshuka: uzito, mshale wima kwenda chini, reli zinalisukuma kwa pembe mraba na mteremko, kamba inalivuta juu, msuguano nao unaelekea juu. Linalopanda: msuguano umegeuka, unaelekea chini ya mteremko, lakini kamba bado inavuta juu. Hapa ndipo alama nyingi hupotea, maana mwanafunzi huigeuza kamba pia. Kamba huvuta tu, haisukumi kamwe.

Mwalimu wa Muleba anaweza kuanzia kwenye lori lenye tela linalopanda kwenda Kamachumu. Asiache pia kutaja Igandu, Dodoma, ambako tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Mshale wa breki una uzito huo.

Hesabu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1586 Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, alichora mkufu wa mipira 14 juu ya pembetatu: minne upande mrefu, miwili upande mfupi, mingine ikining'inia. Mkufu hauwezi kuzunguka wenyewe milele. Ile inayoning'inia huvuta pande zote mbili sawa, kwa hiyo ile minne imesawazishwa na miwili. Sijaona hoja ya fizikia iliyo nzuri kuliko hii.

Turudi Bonde la Ufa: njia ya kudumu ilikamilika mwaka 1901, kamba ikaondolewa, na Desemba reli ikafika Kisumu. Meli zikaanza kuvusha ngozi na kahawa za Bukoba hadi huko ili zipande treni ya Waingereza, ingawa Bukoba ilikuwa ya Wajerumani. Reli ya upande wao ilichelewa: Mwanza ilipata yake mwaka 1928.