Neno Fuma na Mavazi ya Mtoto Mchanga katika Dar es Salaam

Katika mitaa ya Kariakoo neno moja, fuma, limetumika kwa kazi mbili ambazo kwa sura hazifanani hata kidogo. Kazi ya kwanza ni ile ya mfumi wa kale, aliyeketi mbele ya kitanda chake na kupitisha uzi huku na huku mpaka ukawa nguo. Kazi ya pili ni ya mwanamke aketiye barazani na sindano mbili ndefu na donge la sufu, akimfumia mjukuu ambaye hajazaliwa bado soksi zisizozidi urefu wa kidole. Kazi ya kwanza imekwisha kutoweka katika mwambao wa Tanzania. Ya pili ni ngeni, wala haijatimiza karne mbili katika nchi hizi. Hata hivyo jina ni moja, na aitwaye mfumaji leo hapati shida ya kulitamka kama kwamba alilirithi kwa bibi yake.

Jambo hili limewapoteza watu kwa njia mbili. Wako wasemao kwamba ufumaji wa sindano uliletwa na misheni na Serikali ya kikoloni, ukafundishwa kama adabu ya nyumba ya Kizungu, na basi. Habari yake imekwisha. Wako na wengine ambao, kwa kulisikia neno la kale la Kibantu, hudhani kwamba kazi yenyewe ni ya kale pia. Hao wa kwanza hawakuisikiliza lugha. Hao wa pili wameiamini kupita kiasi.

Yafaa kuanza na asili ya neno. Kiswahili kina fuma yenye maana ya kuchoma au kupiga kwa kitu chenye ncha, kama mwindaji afumavyo mnyama kwa mkuki, na humo limetoka jina fumo, yaani mkuki. Kina tena fuma ya nguo. Kamusi nyingi huyatenga maneno haya mawili, lakini kuna sababu nzuri ya kuyaona kuwa ndugu, kwani ulinganisho wa lugha za Kibantu unaonyesha mzizi mmoja uliobeba maana ya kuchoma, kupenyeza na kushona. Katika Kiswahili sauti t ya kale iligeuka kuwa f ilipotangulia irabu u iliyo finyu. Katika Kikuyu haikugeuka. Ndiyo maana mahali ambapo Mswahili hufua chuma, Mkikuyu hutura, na mhunzi wake huitwa mũturi. Na mahali ambapo Mswahili hufuma, Mkikuyu hutuma, naye ana maana ya kushona na ya kusuka kiondo. Tuma ya Kiswahili, yaani kupeleka mtu au kitu, ni neno jingine lenye irabu nyingine ya asili, na Wakikuyu huitofautisha hata katika maandishi. Kwa hiyo katika mzizi wa fuma hamna kitanda wala nguo. Mna ncha ipenyayo, na uzi uifuatao.

Kitanda kilikuja baadaye, nacho kilikuwa na heshima kubwa. Neville Chittick alipochimba magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960, alipata kwa wingi vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, ambavyo vilitumika kama vizito vya pia za kusokotea uzi wa pamba. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliisifu nguo iliyofumwa huko, akasema kwamba ilipelekwa hata Misri. Kazi hiyo ilikuwa na msamiati wake kamili. Nyuzi zilizotandwa kwa urefu ziliitwa mtande, na uzi uliopitishwa kwa upana ukaitwa mshindio. Chombo chenyewe kiliitwa kitanda cha mfumi. Maneno haya yamo katika kamusi za karne ya 19 na za mwanzo wa karne ya 20, lakini muulize leo msemaji wa kawaida wa Dar es Salaam maana ya mshindio, na huenda akadhani unazungumza habari za mchezo wa mpira.

Kilichoivunja kazi hii kinajulikana. Tarehe 21 Septemba 1833 Seyyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo. Nguo ya pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na merikebu zao ikaenea mpaka bara, na jina la nchi likawa jina la nguo: merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipoizuia, viwanda vya Uingereza na vya Bombay vilishika nafasi, lakini jina halikubadilika. Mfumi wa pwani hakuweza kushindana na bei ile. Bara kazi ilidumu zaidi. Richard Burton aliwaona wafumi wa Unyamwezi na kuandika habari zao katika kitabu chake cha mwaka 1860, na Wafipa waliendelea hata baada ya hapo. Lakini mji wa Dar es Salaam, ambao Sultani Majid alianza kuujenga katika miaka ya 1860, ulizaliwa wakati nguo ya dukani ilikuwa imekwisha kushinda.

Kwa kawaida chombo kikifa, neno lake hufa nacho au hubaki katika methali. Fuma halikufa. Sehemu yake moja ilipanda cheo: mfumo, ambalo lilikuwa jina la jinsi nguo ilivyofumwa, limekuwa neno la wataalamu, nasi twasoma juu ya mfumo wa sauti, mfumo wa elimu na mfumo wa sheria bila ya kukumbuka pamba. Sehemu nyingine ilikaa chini ikangoja. Ndipo zilipofika sindano za sufu.

Hapa pana swali ambalo wanahistoria wa mavazi hawajalipa uzito wake. Wanawake na wanaume wa pwani walikuwa wakitumia sindano siku zote. Kofia nyeupe za viua zilitobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono, kazi ya wiki nyingi, na mara nyingi mke alimfanyia mumewe. Kazi hiyo iliitwa kushona au kudarizi, haikuitwa kufuma. Basi ilipokuja sindano nyingine, kwa nini haikuwekwa chini ya shona, ambalo lilikuwa hai na lenye nguvu, ila likafufuliwa neno la chombo ambacho mjini hakikuonekana tena? Jibu limo katika mantiki ya wasemaji wenyewe. Ashonaye ana nguo tayari mkononi. Huunganisha au hupamba. Asukaye ana miyaa au nywele zenye ncha, naye huzipishanisha. Afumaye hana kitu ila uzi, na mwisho wake hutokea nguo ambayo haikuwako. Fundi wa ufumaji angepinga, na kwa haki, kwamba kitandani nyuzi mbili hukatana, hali sindano hufanya vitanzi vya uzi mmoja, kila kitanzi kikipita ndani ya mwenzake. Wasemaji hawakujali njia. Walitazama kilichoingia na kilichotoka. Hili ni tendo la kuainisha, lililofanywa barazani na watu wasiokuwa na kamati ya istilahi, na ni zuri kuliko mengi yaliyofanywa na kamati.

Mnyambuliko wake unathibitisha. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika karibu na mwaka 1516, alieleza kwamba Waislamu wa Sofala hawakuwa na ujuzi wa kutia pamba rangi, kwa hiyo walichukua nguo za Cambay zenye rangi, wakazitoa nyuzi zake, kisha wakazifuma upya pamoja na pamba yao nyeupe. Huko ndiko kufumua hasa. Nguo ya merikani haifumuliwi. Huchanika ikawa tambara. Lakini sweta la mtoto aliyekua huvutwa uzi mmoja, likafumuka lote, na sufu ile ile ikafumwa tena kwa mdogo wake. Maana ambayo merikani iliinyima kazi ilirudishiwa kazi.

Sindano zenyewe zilifika kwa njia iliyo wazi. Shule ya wasichana waliokombolewa utumwani, iliyokuwa Mbweni, Unguja, chini ya misheni ya Waanglikana, ilifundisha ushonaji tangu miaka ya 1870; masista Wabenediktini walifika upande wa Dar es Salaam mwaka 1888. Katika eneo ambalo leo huitwa Posta, kanisa la Kilutheri la Azania na la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu yalikuwa yamesimama mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi cha Waingereza baada ya mji kutekwa mwaka 1916, ulikuwa kwa sehemu kubwa mtaa wa Waislamu, na wanawake wake hawakwenda kujifunza kwa masista. Kwao mlango ulikuwa vyama vya wanawake vya Idara ya Maendeleo, ambavyo katika miaka ya 1950 vilifundisha kushona, kufuma, kupika na kulea watoto. Kati ya Kariakoo na mitaa ya Wahindi upo uwanja wa Mnazi Mmoja, na hapo, mwanzoni mwa miaka hiyo, likafunguliwa jumba la Arnautoglu, likawa mahali pa kukutania watu wa mji. Bila shaka waalimu walikusudia kumfanya mama wa nyumbani kwa kipimo chao. Wanawake walichukua sindano, na siasa yao wakaichukua kwingine: Bibi Titi Mohamed aliwaandikisha kwa maelfu katika TANU tangu mwaka 1955, naye akawa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake mwaka 1962.

Majina ya mavazi yalikuja na duka. Soksi, sweta, fulana na nepi ni ya Kiingereza. Sufu ni ya Kiarabu na ya zamani zaidi. Tendo peke yake lilibaki la kienyeji, na pengine sababu si ya lugha tu. Mavazi haya yalipoingia nyumbani yalikuta nafasi imekwisha kuandaliwa. Katika desturi za mwambao, kama zile ambazo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliziandika kwa ajili ya Carl Velten mwanzoni mwa karne ya 20, kuzaliwa kwa mtoto ni habari ya ndugu wengi wala si ya wazazi wawili. Mkaja ni kitambaa ajifungacho mama tumboni baada ya kuzaa. Mbeleko, au ubeleko, ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Maneno hayo hayo ni majina ya haki apewazo mama wa bibi arusi siku ya ndoa, kwa kuwa alimzaa na kumbeba. Nguo ya uzazi, basi, ilikuwa deni na shukrani kabla ya kuwa vazi. Soksi za sufu ziliingia katika hesabu hiyo, zikaletwa na nyanya, shangazi au wifi, pamoja na kanga za kumfunikia mtoto.

Mgeni hushangaa kuiona sufu katika mji wenye joto kama Dar es Salaam. Lakini hofu ya wazee si ya kipimajoto. Ni ya upepo wa alfajiri, wa kichomi, na wa utosi ambao haujakaza. Kofia iliyofumwa hufunika utosi, na soksi hufunika nyayo. Katikati kanga moja yatosha.

Pana badiliko jingine ambalo neno limelibeba kimyakimya. Wafumi wa bara waliokuwa mbele ya vitanda walikuwa wanaume, na jina mfumi liliwaelekea wao. Mfumaji wa sindano ni mwanamke, naye ameitwa kwa umbo jipya lenye kiambishi -aji, ambacho hupenda kueleza mtu afanyaye jambo kwa mazoea. Wanaume wa Kariakoo walichukua cherehani, chombo chenye jina la asili ya Kiajemi, wakakaa mbele ya maduka wakaitwa mafundi. Aliyeketi ndani na sufu yake hakuitwa fundi, ingawa kugeuza kisigino cha soksi ndogo kwataka hesabu ambayo wengi wa mafundi wasingeiweza. Kazi isiyouzwa haitozwi kodi, na kisichotozwa kodi hakiandikwi. Kwa historia ya namna hii umbo la neno ni hati yenye thamani.

Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, khanga na vitenge vilianza kufumwa kwa mashine katika mji wenyewe. Kitenzi kikarudi kwenye nguo ya mtande na mshindio, safari hii bila maneno mtande na mshindio. Biashara ilipolegezwa tangu mwaka 1984, mitumba ikajaa, na baadaye bidhaa za China. Soksi za mtoto mchanga leo hupatikana Mtaa wa Kongo kwa bei ambayo haifikii ya sufu yake. Hapo ndipo lugha ilipofanya jambo la mwisho. Kila soksi imefumwa, ya kiwandani na ya mkono. Lakini asemapo mtu wa Kariakoo kwamba mtoto ameletewa soksi za kufuma, hasemi habari ya vitanzi. Asema kwamba yupo mtu ajulikanaye kwa jina aliyezifanya, na kwamba hazikutoka dukani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, tangu toleo la mwaka 1981, ina fuma ya nyuzi. Hii ya kufuma, yenye kiunganishi na isiyokubali mashine, yastahili mstari wake, na mahali pake ni chini ya fuma ya kwanza, ile ya ncha na uzi.