Guanajuato, Mji wa Fedha katika Milima ya Meksiko

Katika nchi ya Meksiko, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, kuna mji uliojificha katika bonde jembamba kati ya milima. Jina lake ni Guanajuato. Upo kaskazini-magharibi ya mji mkuu wa nchi ile, mwendo wa kilometa 350 hivi, karibu mita 2,000 juu ya bahari. Watu wa mataifa mengi huenda kuutazama, na tangu mwaka 1988 umeandikwa katika hesabu ya mahali panapopasa kutunzwa kwa faida ya ulimwengu wote. Leo tutembee humo pamoja. Lakini tusitazame kuta tu. Tuulize pia: ni nani aliyezilipa?

Njia ya kuingia yenyewe ni ajabu. Magari hupita chini ya nyumba, katika barabara ya mawe yenye matao. Zamani palikuwa njia ya mto. Mto huo ulifurika mara nyingi, na gharika ya Julai 1905 iliua watu wengi. Baadaye maji yakapitishwa katika mashimo yaliyotobolewa mlimani, na katika miaka ya 1960 pale mto ulipopita pakafanywa barabara. Ukipanda juu unakuta nyumba za rangi ya manjano, nyekundu na buluu, zimepandana mlimani kama ngazi. Vichochoro vyake ni vyembamba mno. Kimoja kinaitwa Kichochoro cha Busu, kwa sababu roshani mbili zinazotazamana hazikuachana hata mita moja.

Basi, kwa nini watu walijenga mji mahali pasipo na uwanda wala shamba? Jibu ni neno moja: fedha. Sisemi fedha za kununulia vitu sokoni, bali madini yenyewe, meupe na yenye kung'aa. Wenyeji wa kale, Wapurépecha, waliziita pande zile mahali pa vyura. Karibu na mwaka 1548 Wahispania waligundua mawe yenye fedha katika milima hiyo, nao wakaanza kuchimba.

Kuchimba kulitaka mikono mingi. Kwanza walifanya kazi wenyeji wa nchi. Wengi wao walikuwa wamekwisha kufa kwa magonjwa yaliyoletwa kutoka Ulaya, na waliosalia hawakutosha. Ndipo wakaletwa watu kutoka Afrika. Hapa, msomaji wa Kongo, simama kidogo. Tangu 1580 hata 1640 Ureno na Hispania zilikuwa na mfalme mmoja. Katika miaka ile merikebu zilipeleka maelfu ya watumwa kwenye bandari ya Veracruz, na wengi walipakiwa katika pwani ya Luanda: watu wa Angola na wa Kongo. Baadhi yao walipelekwa kwenye migodi ya fedha. Wajukuu wao walichanganyika na wenyeji na Wahispania, hata katika karne ya 18 machotara wenye damu ya Kiafrika walikuwa wengi kati ya wafanyakazi wa migodi ya Guanajuato. Hivyo mji huu wa mbali si wa kigeni kabisa kwetu.

Jiwe lililotolewa mgodini halikuwa fedha bado. Katika mwaka wa 1555 hivi, Mhispania mmoja jina lake Bartolomé de Medina alionyesha kwa mara ya kwanza katika Meksiko, kwenye migodi ya Pachuca, namna ya kuitoa fedha kwa zebaki. Mawe yalisagwa kuwa unga. Unga ukatandazwa uwanjani pamoja na maji, chumvi na zebaki, ukakanyagwa na nyumbu kwa majuma kadhaa. Fedha hushikamana na zebaki. Kisha huchomwa moto, zebaki ikatoka kwa moshi, fedha ikabaki. Lakini moshi ule ni sumu. Nyua hizo zilikuwa nyingi kandokando ya mto. Leo mojawapo, San Gabriel de Barrera, ni bustani nzuri ya maua, na wageni hukaa humo kupumzika. Ni vema wapumzike. Ni vema pia wakumbuke.

Sasa tuingie katika kanisa kuu lenye kuta za manjano, lililojengwa katika karne ya 17. Humo imewekwa sanamu ya Bikira Maria, Mama Yetu wa Guanajuato, juu ya kiti cha fedha. Watu husimulia kwamba mfalme Filipo wa Pili wa Hispania aliileta zawadi katika mwaka 1557, kwa kushukuru mali aliyoipata. Mfalme alipokea fedha, akarudisha sanamu. Walakini maskini hawakuiacha iwe sanamu ya mfalme. Waliifanya Mama yao, na hata leo hupiga magoti mbele yake.

Si mbali na hapo lipo kanisa la Mapadri Wayezuiti, la mawe mekundu-mekundu yaliyochongwa kwa ustadi. Lilianzishwa mwaka 1747, likamalizika 1765. Lakini mwaka 1767 mfalme wa Hispania aliwafukuza Wayezuiti wote katika nchi zake. Hawakulifurahia kanisa lao hata miaka miwili mizima. Wachimbaji wa Guanajuato walikasirika, wakafanya ghasia. Serikali ikaleta askari; wengine walinyongwa, na wengine wakatupwa gerezani. Shule ya mapadri hao, iliyoanzishwa mwaka 1732, ni asili ya chuo kikuu cha mji huu, chenye ngazi nyingi nyeupe zinazopendwa na wapiga picha.

Tupande mlimani hata La Valenciana. Karibu na mwaka 1770 mgodi wa hapa ulianza kutoa mali isiyo na kifani. Mwenye mgodi, Antonio de Obregón, alikuwa mtu wa hali ya kawaida. Akatajirika hata mfalme akampa cheo cha kabaila. Mwisho wa karne ya 18, Valenciana ulikuwa mmojawapo wa migodi mikubwa ya fedha ulimwenguni. Karibu nao likajengwa kanisa la Mtakatifu Kayetano, lililomalizika mwaka 1788. Ndani mna altare tatu zilizofunikwa dhahabu toka chini hata juu. Malaika, watakatifu, maua na matunda yamechongwa kwa wingi, hata jicho halijui lianzie wapi. Wenyeji husimulia kwamba wachimbaji wenyewe walitoa kila juma jiwe moja la madini kwa ajili ya ujenzi.

Mwaka 1803 mtaalamu mmoja Mjerumani, Alexander von Humboldt, alifika hapa, akashuka mgodini. Aliwaona wapagazi wakibeba mawe ya kilo mia moja na zaidi mgongoni, wakipanda na kushuka ngazi mamia kwa mamia katika joto kali, mara nyingi kwa siku. Watu hao hawakuwa watumwa; walikuwa huru, wakilipwa mshahara kuliko watu wa mashamba. Hata hivyo, mgongo wa mtu ni mgongo tu. Siku hizi mgeni anaweza kushuka ngazi za mgodi wa zamani. Akirudi juu mikono mitupu, anahema. Ndipo anapoelewa kidogo altare zile za dhahabu zimetoka wapi.

Turudi mjini. Mbele yetu iko nyumba kubwa ya mawe, yenye kuta nene na madirisha madogo yaliyo juu. Inaitwa Alhóndiga de Granaditas, yaani ghala ya nafaka. Mwaka 1785 baridi kali iliharibu mahindi, na njaa iliyofuata iliua watu wengi. Ilionekana lazima nafaka iwekwe akiba. Riaño, mkuu wa serikali ya jimbo, akajenga ghala hii. Kazi ilianza 1798, ikamalizika 1809. Ilijengwa ili iwaponye watu na mauti. Lakini haikupita hata miaka miwili ikawa nyumba ya mauti.

Tarehe 16 Septemba 1810, padri wa Dolores, Miguel Hidalgo, aliwaita waumini wake waasi serikali ya Wahispania. Siku kumi na mbili baadaye alifika Guanajuato na umati wa maelfu, wengi wao maskini wenye marungu na mapanga, na wachimbaji wa mji wakajiunga nao. Riaño, aliyefahamiana na Hidalgo siku za amani, alijifungia ghalani pamoja na Wahispania na mali zao. Aliuawa mapema katika vita. Watu husimulia kwamba mchimbaji mmoja, aliyeitwa Pípila, alijifunga jiwe pana mgongoni limkinge na risasi, akatambaa hata mlangoni, akauchoma moto. Umati ukaingia. Waliokuwa ndani wakauawa, hata waliojitoa, na mji ukanyang'anywa. Miezi miwili baadaye jeshi la mfalme liliuteka mji tena, nalo likaua bila huruma. Damu ikajibiwa kwa damu.

Tusimpambe Padri Hidalgo kuliko ilivyo haki. Umati aliouamsha ulimshinda nguvu. Lakini tusisahau pia kwamba tarehe 6 Desemba 1810, katika mji wa Guadalajara, aliamuru watumwa wote waachwe huru kwa muda wa siku kumi. Alikamatwa mwaka uliofuata, akavuliwa upadri, akapigwa risasi tarehe 30 Julai 1811. Kichwa chake na vichwa vya wenzake watatu, Allende, Aldama na Jiménez, vilitundikwa katika pembe nne za ghala ile, vikakaa karibu miaka 10 kuwatisha watu. Majina yao yameandikwa pale hata leo. Utumwa wenyewe ulifutwa katika Meksiko mwaka 1829 na Rais Vicente Guerrero, ambaye naye alikuwa na damu ya Kiafrika.

Wageni wengi hukimbilia mahali pengine: nyumba ya maiti zilizokauka. Tangu mwaka 1865 maiti kadhaa zilifukuliwa katika makaburi ya mji, zikaonekana hazikuoza. Nyingi zilifukuliwa kwa sababu jamaa zao hawakuweza kulipa kodi ya kaburi. Sasa watu hutoa pesa wazitazame. Aliyekosa pesa za kulala kaburini analetea wengine pesa. Anayeingia humo avue kofia, awaombee.

Jioni ikifika, tupande kilima ambapo tangu 1939 imesimama sanamu kubwa ya Pípila. Toka hapo mji wote unaonekana: kanisa la manjano, chuo kikuu, ghala ya mawe, na mbali juu mlimani kanisa la Mtakatifu Kayetano. Ni mzuri kweli, wala si dhambi kuupenda. Lakini uzuri huo ulipandishwa toka chini ya ardhi, jiwe baada ya jiwe, katika migongo ya watu ambao majina yao hayakuandikwa po pote. Baadhi yao walikuwa ndugu zetu waliotoka kwetu kwa minyororo.

Nasi tuna makanisa yetu, barabara zetu na migodi yetu. Tunapovisifu vitu hivyo, tuulize habari za aliyevibeba: je, amelipwa haki yake, na jina lake limekumbukwa? Watu husahau upesi, lakini Mungu hasahau.