Verrucius, mtu ambaye hakuna aliyemwona

Mwaka 70 KK, katika mji wa Syracuse kisiwani Sisilia, wakili wa miaka 36 aliketi kupekua madaftari ya kampuni iliyokusanya ushuru wa malisho. Wakili huyo ni Marcus Tullius Cicero. Katika kufunua kurasa aliona jina moja linajirudia, na fedha nyingi zinapita kwenye hesabu yake: Gaius Verrucius. Akasogeza macho karibu. Kila mahali jina hilo lilipoandikwa, herufi nne za mwanzo, V, E, R na R, zilikuwa safi. Zilizofuata zilikuwa zimekwanguliwa na kuandikwa upya, na doa lilibaki pale pale likionekana.

Gavana aliyekuwa ametoka tu kuondoka kisiwani aliitwa Gaius Verres. Hesabu za Verrucius zilianza gavana alipowasili na zikakoma gavana alipoondoka. Cicero alimleta wakala wa kampuni, Carpinatius, uwanjani mbele ya watu, akamuuliza Verrucius ni nani: mfanyabiashara, mkulima au mfugaji? Bado yupo Sisilia au ameshahama? Watu waliokuwepo wakasema hawajapata kumsikia mtu wa jina hilo. Carpinatius hakuwa na jibu. Kwa kuwa sheria haikuruhusu madaftari ya watoza ushuru kuhamishwa, Cicero aliyanakilisha pale pale, na kila doa likachorwa mahali pake.

Tunapotaka kuwafananisha wakubwa wa leo na Warumi, kwa kawaida tunakimbilia kwa Nero au Caligula. Mimi naona hapo tunakosea mlango. Kaisari mwenye jeshi na hazina mkononi hana haja ya kukwangua herufi daftarini. Anayestahili kulinganishwa na wakubwa wetu ni Verres, kwa sababu aliishi katika dola yenye uchaguzi, mahakama na sheria zilizomkataza kula. Mtu wa namna hiyo lazima atafute jina la kuazima.

Verres alitawala Sisilia miaka mitatu, 73 hadi 71 KK. Kisiwa hicho kilikuwa ghala la ngano la Roma, na wakulima walitoa sehemu moja ya kumi ya mavuno kwa sheria ya zamani waliyoizoea. Gavana akawaachia watoza ushuru wake, wakiongozwa na mtu aliyeitwa Apronius, wadai kiasi wanachokitaka, na mkulima aliyebisha akalazimika kushtaki mbele ya watu wa gavana huyo huyo. Katika wilaya ya Agyrium wakulima walikuwa 250 mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu walibaki 80. Ukiisoma takwimu hiyo taratibu unaona mashamba 170 yaliyoachwa yaote magugu, na familia zilizofunga virago.

Pale Messana aliishi tajiri mmoja, Heius, aliyekuwa na chumba cha ibada nyumbani kwake chenye sanamu nne za kale, mojawapo kazi ya Praxiteles, fundi mashuhuri wa Wagiriki. Wageni waliomiminika mjini walikwenda kuzitazama. Verres alizichukua zote. Lakini hakuziiba, la hasha: alizinunua, na hati za mauzo zilionyesha sesta 6,500, bei ambayo isingetosha hata kwa sanamu moja kati ya hizo. Sisi tuliowahi kusoma taarifa za ukaguzi wa hesabu za serikali tunaijua hati ya aina hiyo. Kila kitu kimefuata utaratibu, sahihi zipo, na mali ya watu haipo.

Cicero anasimulia kwamba Verres alikuwa akijigamba amegawa pato la miaka yake mitatu: la mwaka mmoja lake mwenyewe, la mwaka mwingine la wakubwa na mawakili wa kumlinda, na la mwaka mnono kuliko yote la mahakimu. Roma ilikuwa na mahakama ya kudumu ya kesi za namna hii tangu mwaka 149 KK, lakini wakati huo waliokaa kuamua walikuwa maseneta, wenzake mshtakiwa. Mpango wa upande wa Verres ulikuwa kuivuta kesi hadi mwaka uliofuata, ambapo wakili wake Hortensius angekuwa amekwisha kushika ukonsuli. Cicero, aliyesimama kumshtaki Verres, alikuwa ameomba siku 110 za kukusanya ushahidi. Akarudi baada ya 50. Na kesi ilipofunguliwa mwezi Agosti aliacha hotuba ndefu ya ufunguzi, akapandisha mashahidi moja kwa moja, mmoja baada ya mwingine, kwa siku tisa. Verres hakusubiri hukumu. Alitorokea Massilia, ndiyo Marseille ya leo, pamoja na sehemu kubwa ya alichovuna. Cicero alikuwa amedai sesta milioni 40 kwa niaba ya Wasisilia. Fidia iliyopangwa mwishoni ilikuwa kama milioni tatu tu.

Warumi wenyewe walilijua tatizo la jina la kuazima zamani. Mwaka 218 KK walipitisha sheria iliyomkataza seneta kumiliki meli kubwa ya biashara, na walioitunga waliona mbali: walimtaja pia mtoto wa seneta. Haikutosha. Cato Mzee, aliyesifika kwa ukali wa maadili, aliwekeza katika mikopo ya meli kupitia mtumwa aliyemwacha huru, Quintio. Jina daftarini lilikuwa la Quintio.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliona shimo lile lile. Miiko ya uongozi ilimkataza kiongozi wa TANU au wa serikali kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi na kupangisha nyumba. Tena ikafafanua kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mkewe au mumewe. Naiheshimu sana ibara hiyo fupi. Aliyeiandika alijua mlango wa nyuma uko wapi. Miiko hiyo ililegezwa kwa uamuzi uliofikiwa Zanzibar mwaka 1991, na yaliyofuata tuliyashuhudia kwa macho yetu.

Katika mwaka wa fedha 2005/06, zaidi ya shilingi bilioni 133 zilitoka katika akaunti ya madeni ya nje, EPA, ndani ya Benki Kuu ya Tanzania, zikalipwa kwa kampuni 22. Makubwa zaidi kati ya malipo hayo yalikwenda kwa kampuni iliyoitwa Kagoda. Kwa miaka kadhaa swali lilizunguka vijiweni, kwenye daladala na bungeni: Kagoda ni nani? Ni swali la Cicero kwa Carpinatius, neno kwa neno, na Watanzania wengi waliliuliza bila kuwahi kusikia habari za Syracuse. Kenya nao walikuwa na Anglo Leasing, iliyopewa mkataba wa kutengeneza pasipoti ikiwa na anwani ya Liverpool, ikaja kuonekana ni jina tupu. Mwaka 2004 kelele zilipopanda, fedha zilizokwisha kulipwa zilirudishwa, na aliyezirudisha hakujitaja. Kiswahili chetu kimeshampa mtu huyu jina lake: hewa. Mfanyakazi hewa, kampuni hewa. Verrucius alikuwa hewa.

Sheria mpya zinajaribu kuifukuza hewa hiyo. Tanzania kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2020, na Kenya kupitia kanuni za mwaka huo huo, zinazitaka kampuni ziwataje wamiliki manufaa, yaani binadamu wenye nyama na damu ambao faida inawaangukia. Ni hatua njema, na naunga mkono orodha hizo zifunguliwe kwa kila mwananchi, kwa sababu daftari linalosomwa na maofisa peke yao lina watu wachache mno wa kuliona doa.

Vizazi vya wanafunzi wa Kiswahili vilikutana na Roma kupitia Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare. Kuna onyesho ambamo Brutus anamkaripia Cassius kwa kutetea mtu aliyepokea rushwa. Nilipolisoma nikiwa kijana nilimpenda Brutus kwa dhati. Miaka mingi baadaye nikakutana na Brutus wa historia, na ninaona wajibu wa kumsimulia.

Mji wa Salamis, kisiwani Kupro, ulikuwa umekopa fedha kwa Warumi wawili, Scaptius na Matinius, kwa riba ya asilimia 48 kwa mwaka. Scaptius alipewa cheo na wapanda farasi na gavana wa wakati huo, akawazingira madiwani wa mji ndani ya ukumbi wao wa baraza. Watano walikufa kwa njaa humo ndani. Mwaka 51 KK gavana mpya aliwasili: Cicero, sasa ana miaka 55. Aliwaondoa wapanda farasi kisiwani, akaamuru riba isizidi asilimia 12. Wasalamis walipiga hesabu, wakapata talanta 106, wakawa tayari kulipa. Scaptius alidai karibu 200. Ndipo barua ikamfikia Cicero kumjulisha kwamba fedha zile hazikuwa za Scaptius wala za Matinius. Zilikuwa za Brutus.

Wasalamis waliomba waziweke fedha zao hekaluni ili riba ikome. Scaptius akamsihi Cicero aliache suala lilivyo, hadi aje gavana mwingine. Cicero alikubali. Jina la Brutus hakulitaja uwanjani mbele ya watu kama alivyofanya kule Syracuse. Aliliandika kwenye barua kwa rafiki yake Atticus, na Wasalamis wakarudi kwao na fedha zao mkononi, deni likiendelea kuzaa.