Jibu la sayansi huanza na kilichoonekana

TANGU serikali ianzishe kampeni ya kufuta ujinga mwaka wa 1979, masomo ya ngumbaru yamepanuka kutoka kusoma na kuhesabu hadi maandalizi ya mtihani wa KCSE. Hapo ndipo mtu mzima hukumbana na karatasi ya tatu ya Biolojia, ambayo ni ya vitendo.

Mwanafunzi huyu hakosi maarifa. Aliyelima kwa miaka 20 anajua fika kwamba mmea ulionyimwa mwangaza hupauka. Tatizo ni kuwa huandika anachokijua badala ya alichokiona.

Chukua jaribio la wanga. Mtahiniwa hutia matone ya iodini katika kimiminika, kisha hujaza jedwali: utaratibu, matokeo, hitimisho. Wengi huandika “kuna wanga” katika safu ya matokeo. La hasha! Kilichoonekana ni rangi ya kahawia kugeuka buluu iliyokaribia weusi. Kuwepo kwa wanga ni hitimisho. Pasipo wanga nako, “hakuna kilichotokea” si jibu. Aandike kwamba rangi ya kahawia ya iodini ilibakia.

Mwalimu mwerevu atapiga marufuku neno “wanga” darasani hadi kila mmoja aandike sentensi moja kuhusu rangi. Kisha aulize: umejuaje? Watu wazima hawababaishwi na swali hilo, kwani wamehudhuria mabaraza ya wazee. Wanaelewa kuwa shahidi husimulia alichoshuhudia, na uamuzi hutolewa baadaye.

Lililo gumu zaidi ni ulinganisho. Jani lililokaa gizani kwa siku mbili, likachemshwa, likaondolewa rangi ya kijani kwa spiriti iliyopashwa moto ndani ya maji (kamwe si juu ya mwali, kwani spiriti hushika moto), haligeuki buluu iliyokaribia weusi kwa iodini. Je, ni giza lililosababisha? Jani hilo pekee halithibitishi. Sharti pawepo jani jingine la mmea wa aina iyo hiyo, lililopata mwangaza na kupitia hatua zilezile. Jibu lisilotaja majani yote mawili ni nusu jibu.

Isitoshe, mtihani huandikwa kwa Kiingereza. Kumlazimisha mwanafunzi kuwaza na kutafsiri kwa wakati mmoja ni kumtwika mizigo miwili. Afadhali kwanza aeleze ushahidi wake kwa Kiswahili, darasa limhoji, ndipo ashike kalamu.